Kuondoa Mabaki ya Mfumo wa Zamani katika Diski ya Kompyuta



Matawi yetu mengi sasa yana kompyuta, hata kama ni moja tu na imechakaa. Nyingi hatukuzipata zikiwa mpya. Nyingine zilitolewa na ofisi zilizokuwa zikibadilisha vyombo vyao, nyingine zilinunuliwa katika maduka ya vitu vilivyokwisha tumika hapa Kampala. Kompyuta ya namna hiyo huja na mzigo wa wenyewe wa kwanza. Baada ya muda katibu wa tawi analalamika kwamba mashine imejaa, haikubali kuweka hata barua moja zaidi, na hali yeye hajaandika mengi.

Katika maelezo haya tutaeleza mzigo huo ni kitu gani, umetoka wapi, na namna ya kuuondoa bila ya kupoteza mali ya wanachama. Tumeandika kwa ajili ya katibu wa tawi, mweka hazina na mwakilishi wa wafanyakazi kazini, ambao hawakusomea kompyuta. Mwenye kujua kusoma na kuandika ataweza kufuata.

DISKI NI GHALA

Ndani ya kompyuta mna kisanduku cha chuma, bapa, chenye ukubwa wa kitabu kidogo. Hiyo ndiyo diski ngumu. Mafundi wa mjini huiita hadi diski. Kila barua, kila orodha na kila hesabu hukaa humo, hata umeme ukikatika.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Pamoja na ukubwa huo ilibeba megabaiti 5 tu, ambazo leo ni kama picha moja au mbili za simu. Diski ya kompyuta kuukuu ya ofisini siku hizi hubeba gigabaiti 250 au 500, yaani mara 50,000 hadi 100,000 ya ile ya kwanza. Ghala ni kubwa, lakini hata ghala kubwa hujaa likiwekwa takataka.

Kitu cha pili cha kukijua ni mfumo endeshi. Huo ndio msimamizi wa zamu ndani ya mashine: ndio unaoamsha kompyuta, ndio unaogawa kazi, ndio unaofungua na kufunga mafaili. Unaotumika sana katika ofisi zetu ni Windows wa kampuni ya Microsoft. Mfumo huu una maelfu ya mafaili yake wenyewe, nayo hula nafasi kubwa katika diski.

MABAKI YANATOKA WAPI

Fikiria kiwanda kilicholeta msimamizi mpya, lakini yule wa zamani ameacha makabati yake yote stoo, yamejaa karatasi na yamefungwa kwa kufuli. Hafanyi kazi tena pale, lakini nafasi yake ameishika. Katika kompyuta jambo hili hutokea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupandisha mfumo. Microsoft iliacha kuutunza mfumo wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine nyingi zimebadilishwa mfumo. Wakati wa kubadilisha, kompyuta haitupi mfumo wa zamani. Huuweka kando katika folda inayoitwa Windows.old. Folda hiyo yaweza kula gigabaiti kumi, ishirini au zaidi.

Njia ya pili ni kuhamisha diski. Kompyuta ya zamani imekufa, fundi anaitoa diski yake na kuitia katika kompyuta nyingine ili iwe ghala la pili. Diski hiyo huja na mfumo wake mzima, ambao sasa hauamshi kitu chochote.

Njia ya tatu ni kuweka mfumo wa pili kando ya ule wa kwanza. Kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, basi fundi huweka mfumo wa bure kama Ubuntu au Linux Mint, na Windows ya zamani inaachwa imelala katika chumba kingine cha diski.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Mtu aweza kuuliza: Chama cha wafanyakazi chahusika vipi na takataka za kompyuta? Chahusika sana. Ndani ya diski ya tawi mna orodha ya wanachama na ada zao, mna malalamiko yaliyoandikwa na wafanyakazi kwa majina yao, mna nakala za mkataba wa pamoja na barua kwa Ofisa Kazi. Wakati tawi bado linatafuta kutambuliwa na mwajiri, mna hata majina ya wale waliotia sahihi kujiunga. Hivyo vyote huchanganyika na mabaki ya mfumo. Hapo pana hatari mbili, nazo zinavuta kila moja upande wake.

Hatari moja ni kufuta kupita kiasi. Nalifahamu tawi moja la mashambani ambalo lilimpa fundi kompyuta "aisafishe." Fundi alifanya kazi aliyoambiwa: alisafisha kila kitu. Kumbe ndani mlikuwa na orodha ya wafanyakazi walioachishwa kazi, pamoja na miaka ambayo kila mmoja alitumikia, na madai ya malipo yao yalikuwa bado hayajamalizika. Hakukuwa na nakala nyingine. Viongozi wa tawi walizunguka kambi hadi kambi, wakiuliza mmoja mmoja, "Wewe uliajiriwa mwaka gani?" Wengine walikuwa wamekwisha rudi makwao, na wengine hawakuwa tena na barua zao za kuajiriwa. Mwajiri hakuhitaji kubishana. Alikaa akangoja waje na ushahidi.

Hatari nyingine ni kufuta pungufu. Kompyuta inauzwa au inatolewa, na mwenye kuipokea anakuta majina yote humo. Mfanyakazi aliyelalamika kwa siri juu ya msimamizi wake hujulikana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 40, yampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Lakini haki hiyo huwa dhaifu ikiwa majina yanazagaa mitaani.

KABLA YA KUFUTA LOLOTE

Fuata mambo haya manne, wala usiruke hata moja.

Kwanza, jua mfumo upi ndio unaofanya kazi. Mfumo unaoiendesha kompyuta kwa kawaida hukaa chini ya herufi C. Huo usiguswe. Diski ya zamani hupewa herufi nyingine, kama D au E. Herufi zaweza kubadilika ukihamisha diski, kwa hiyo usitegemee herufi peke yake. Tazama pia ukubwa wa diski, na uufungue uone kama yaliyomo ndiyo unayoyafahamu.

Pili, toa kilicho chako. Mali ya watu katika Windows hukaa ndani ya folda iitwayo Users. Humo kila mtumiaji ana folda yenye jina lake, na ndani yake mna Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Folda ya Windows.old nayo ina Users yake. Usidhani ni takataka tupu. Barua pepe za Outlook zaweza kukaa katika folda iliyofichwa iitwayo AppData. Programu za hesabu nazo mara nyingi huweka daftari zake mahali pengine kabisa, kama ProgramData au moja kwa moja juu ya diski. Mweka hazina na aulizwe: "Dada, hesabu za ada unaziandika katika programu gani?" Kisha mtafute programu hiyo inaweka wapi hesabu zake.

Tatu, weka nakala mbili, mahali pawili. Moja katika diski ya nje au flashi, nyingine mahali mbali na ofisi ya tawi, kwa mfano makao makuu ya chama. Kisha zifungue nakala hizo katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa na kusomwa bado si nakala. Ni matumaini tu.

Nne, hakikisha umeme. Kazi hii huchukua muda. Kama umeme hukatika kila saa, tumia laptopu yenye betri nzima au ungoje siku nyingine.

KUONDOA FOLDA YA WINDOWS.OLD

Hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Katika Windows 10 na Windows 11, mfumo wenyewe huifuta folda hiyo baada ya siku 10. Lakini katika mifumo ya zamani kama Windows 7 yaweza kukaa miaka, na mara nyingine hata katika mifumo mipya hubaki.

Usiivute tu kuitia katika pipa la taka, itakataa. Nenda penye kutafutia programu, andika cleanmgr, kisha uchague diski C. Patafunguka dirisha dogo. Bonyeza palipoandikwa "Clean up system files", ungoje, kisha utafute mstari ulioandikwa "Previous Windows installation(s)". Utie alama hapo, ukubali. Mashine itafanya yaliyobaki.

Soma majina ya mistari mingine kabla ya kuitia alama. Katika baadhi ya mashine mna mstari wa Downloads, na humo watu wengi huweka barua na orodha walizotumiwa. Tena ujue kwamba ukiisha kuondoa Windows.old huwezi tena kurudi katika mfumo wa zamani. Basi hakikisha mashine ya kuchapia, programu ya hesabu na vitu vingine vinafanya kazi vizuri katika mfumo mpya.

KUONDOA MFUMO KATIKA DISKI ILIYOHAMISHWA

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Unaifungua diski ya zamani, unaona folda za Windows, Program Files na ProgramData. Unajaribu kufuta, na kompyuta inakujibu kwamba huna ruhusa, na kwamba uombe ruhusa kwa TrustedInstaller. Wengine hudhani ni kirusi. Si kirusi. Huyo ni mlinzi aliyewekwa na Microsoft tangu Windows Vista ili mafaili ya mfumo yasiharibiwe kwa bahati mbaya. Makufuli yake yameandikwa katika diski yenyewe, ndiyo sababu yanaendelea kufunga hata diski ikiwa katika mashine nyingine.

Kabla ya kuvunja kufuli hilo fanya jaribio moja. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, uitoe diski ya zamani, kisha uwashe kompyuta bila hiyo. Ikiwaka vizuri, basi haiitegemei diski ya zamani. Isipowaka, maana yake ni kwamba mafaili ya kuamshia kompyuta yako katika diski ya zamani, ijapokuwa mfumo wenyewe uko katika mpya. Jambo hili hutokea fundi anapoweka mfumo mpya huku diski ya zamani ikiwa bado imeunganishwa. Ukikuta hivyo, simama hapo; mwite fundi ayahamishe mafaili hayo kwanza.

Kama jaribio limefaulu, rudisha diski. Tafuta programu iitwayo Command Prompt, uibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Ikiwa diski ya zamani ina herufi D, andika mistari hii, mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja ungoje umalize:

takeown /F "D:\Windows" /R /D Y

icacls "D:\Windows" /grant Administrators:F /T

rd /s /q "D:\Windows"

Mstari wa kwanza unachukua umiliki kutoka kwa mlinzi. Wa pili unawapa wasimamizi wa mashine ruhusa kamili. Wa tatu unafuta. Mstari huu wa tatu hauulizi mara mbili, na wala hauweki kitu katika pipa la taka. Kwa hiyo soma herufi ya diski kwa sauti kabla ya kubonyeza, na mwenzako aliye karibu naye aisome. Fanya vivyo hivyo kwa folda za Program Files na ProgramData, ukiisha kuhakikisha hesabu zako hazimo. Folda ya Users iache iwe ya mwisho.

Pana pia mafaili makubwa yaliyofichwa, nayo ni pagefile.sys na hiberfil.sys. Katika diski isiyoendesha mfumo hayana kazi tena, yaweza kufutwa. Katika diski C yaache.

KUFOMATI

Ikiwa mali yote ya tawi imekwisha kutolewa na nakala zimesomwa, njia iliyo safi ni kuifomati diski nzima, yaani kuifanya tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Mafundi huipenda kwa kuwa ni ya haraka. Wakati mwingine utasikia, "Mzee, tuipige fomati tu, dakika mbili." Mjibu hivi: "Fundi, ngoja kwanza nikuonyeshe karatasi ya nakala zetu." Asiguse mpaka katibu amekubali.

KUFUTA SI KUTEKETEZA

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Ukifuta faili, kompyuta haiondoi maandishi yenyewe. Hufanya kama karani wa ghala aliyepiga mstari jina la gunia katika rejista: gunia bado limesimama pale pale mpaka lije jingine kukalia nafasi yake. Kufomati kwa haraka ni kuchana rejista nzima, lakini magunia yamo. Kwa programu maalumu mtu aweza kuyarudisha.

Watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha tumika, na mwaka 2003 wakatangaza waliyoyaona. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wenye diski hizo wengi walidhani wamefuta.

Kwa hiyo, diski ikibaki tawini, kufuta kwa kawaida kunatosha. Ikitoka nje ya tawi, kwa kuuzwa, kutolewa au kurudishwa kwa mwajiri, ni lazima iandikwe sifuri juu yake yote. Katika Windows tangu Vista, kufomati ambako hukuweka alama ya haraka huandika sifuri katika chumba chote unachokifomati. Diski yaweza kuwa na vyumba kadhaa, basi vyote vishughulikiwe. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Mara moja yatosha. Diski mpya zisizo na sahani, ziitwazo SSD, zina utaratibu mwingine. Tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza.

Diski iliyokufa haiwezi kuandikwa sifuri, lakini sahani zake bado zaweza kusomwa na mwenye vyombo. Hiyo itobolewe kwa drili ipite sahani zote. Fundi yeyote wa vyuma wa Katwe ataifanya mbele ya macho yenu. Usiichome moto, kwani moshi wake ni sumu.

Hili si jambo la hiari tu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 yataka habari za watu ambazo hazina tena sababu ya kuwekwa ziharibiwe kwa namna ambayo haziwezi kurudishwa zikasomeka. Sheria hiyo yamhusu mwajiri, nayo yatuhusu sisi pia.

KAZI YA KAMATI YA TAWI

Mwisho, tunashauri kila kamati ya tawi ikubaliane mambo haya na kuyaandika katika daftari la mikutano:

1. Hakuna kompyuta ya tawi itakayopewa fundi kabla nakala mbili hazijawekwa na kusomwa.

2. Fundi akifanya kazi, kiongozi mmoja akae naye mpaka amalize. Kompyuta isilale katika duka lake.

3. Aandikiwe fundi kwa karatasi kitu gani kifutwe na kitu gani kisiguswe, wote wawili watie sahihi.

4. Diski ikitoka nje ya tawi, iandikwe tarehe, nani aliisafisha na kwa njia gani.

5. Orodha ya wanachama na ya madai yanayoendelea ichapishwe pia kwenye karatasi kila miezi mitatu. Karatasi haihitaji umeme.

Mfanyakazi anapotoa jina lake na shilingi zake kwa chama, ametuamini. Hajui diski ni nini, wala hana haja ya kujua. Anachotaka ni kwamba siku atakapohitaji jina lake lionekane katika orodha lionekane, na siku asiyotaka mwajiri alione asilione. Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa.

Umoja ni nguvu.